Fremu Mpya, Gia ya Mbele ya Zamani: Niliyojifunza kwa Ajili ya Kona Baridi

Mtu wa Kitengela anayezunguka mjini na baiskeli hana haja kubwa ya gia za mbele. Baiskeli ya Black Mamba yenye gia moja imebeba maziwa, mitungi ya maji na magunia ya mkaa miaka nenda miaka rudi bila kulalamika. Kona Baridi ni habari nyingine. Ukifika Isinya ukakata kuelekea Kiserian, kisha ukaishika barabara ya Magadi, upepo unakungoja pale Kona Baridi, kwenye bega la kusini la vilima vya Ngong. Kaunti hii ya Kajiado ina upepo hasa: ndiyo sababu mitambo 60 ya umeme wa upepo ya Kipeto ilisimikwa upande huu na kuanza kazi mwaka 2021. Kutoka Kona Baridi barabara inaporomoka kuingia Bonde la Ufa mpaka Ziwa Magadi, lililo kama mita 600 tu kutoka usawa wa bahari. Kushuka hakuhitaji mwalimu. Kurudi ndiko kunakokutafutia gia ndogo.

Fremu yangu ya chuma ilipopasuka penye kiungo cha kiti, nilipata nyingine ya aluminiamu, mtumba kutoka Ulaya. Magurudumu yalihamia, krenki ikahamia, breki zikahamia. Kilichogoma ni diraila ya mbele, kile kifaa kinachoisukuma cheni kutoka sahani moja ya meno hadi nyingine. Diraila ya nyuma huning'inia kwenye ndoano yake na kazi ikaisha. Ya mbele lazima ipatane na paipu ya kiti, njia ya waya, ukubwa wa sahani, shifta na ekseli, vyote kwa wakati mmoja.

1. Kamba ya kiatu inatosha kupimia

Pete inayoishika diraila huja kwa vipimo vitatu vikuu: milimita 28.6, 31.8 na 34.9. Fremu nyingi za chuma za zamani ni 28.6. Za aluminiamu huwa nene zaidi. Kwa macho hutaona tofauti ya milimita tatu, na wauzaji wengi wa vifaa vya mtumba hawana kipimio. Fundi wangu wa Kitengela, mzee asiyependa maneno mengi, aliniomba kamba ya kiatu. Aliizungusha kwenye paipu ya kiti, pale pete itakapokaa, akaibana kwa kucha, akainyoosha kwenye rula. "Kumi na moja kasoro kidogo. Hii ni thelathini na nne tisa."

Hesabu yake ni mzingo gawanya kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 9 ni kama 28.6, wa sentimita 10 ni kama 31.8, wa sentimita 11 ni kama 34.9. Tisa, kumi, kumi na moja: sijui kama kuna kipimo rahisi kushika kuliko hicho. Ukipima, pima mahali penyewe, kwa maana paipu nyingine hunenepa zikikaribia pedeli.

Pete kubwa inaweza kuvalishwa paipu nyembamba ukiweka kipande katikati. Pete ndogo haiingii paipu nene, na usimruhusu mtu aipanue kwa bisibisi. Hicho kipande cha katikati kinahitaji unene wa kama milimita 1.6 kwa kila hatua ya kipimo, kuzunguka paipu yote. Nimeona watu wakikata kopo la soda. Ni jembamba mno, ungelizungusha mara kumi na kitu, na likilowa jasho na vumbi linateleza. Mwambie fundi wa jua kali akukatie bati la aluminiamu la unene huo na kulikunja vizuri.

Kuna pia fremu zisizotaka pete kabisa. Nyingine zina sikio lililochomelewa kwenye paipu, diraila inafungwa hapo kwa skrubu. Nyingine huibana diraila kwenye kasha la ekseli ya pedeli. Na zipo zilizotengenezwa bila nafasi yoyote ya diraila ya mbele. Ukiikuta ya namna hiyo na bado unataka sahani tatu, mrudishie mwenyewe mapema.

2. Fuata waya kuanzia kwenye hendo

Fremu yangu ya zamani ilipitisha waya chini, ukazunguka chini ya kasha la ekseli na kuivuta diraila kutoka chini. Hii mpya inaupitisha juu, kando ya paipu ya juu, kisha unashuka nyuma ya paipu ya kiti. Diraila ya kuvutwa kutoka chini haifanyi kazi ikivutwa kutoka juu, hata pete ikilingana kabisa. Baadhi zimetengenezwa zikubali pande zote mbili, na kwa mtu wa mtumba hizo ndizo dhahabu: geuza diraila uangalie mkono unaobana waya, kama una mifereji miwili, inunue.

Nikiambiwa nichague, nachukua waya wa juu. Anayeijua Kitengela wakati wa mvua anajua ule udongo mweusi unaoshika kama gundi. Ukijaa chini ya kasha la ekseli, waya unakwama, na sahani ndogo inagoma siku unayoihitaji.

3. Meno yana umbo lake

Kizimba cha diraila, yale mabati mawili yanayopitisha cheni katikati, kimepindwa kufuata mviringo wa sahani kubwa. Kilichotengenezewa meno 48 ukikiweka juu ya meno 42 kinaacha mwanya usio sawa, na cheni inapanda kwa uvivu. Cha 42 juu ya 48 kinagusa meno. Kisha kuna tofauti kati ya sahani kubwa na ndogo: diraila nyingi za sahani tatu hubeba tofauti ya meno 22 hivi, za sahani mbili hubeba 16 hivi. Zaidi ya hapo cheni inakwaruza sehemu ya chini ya kizimba ukiwa gia ndogo.

Mimi nina 42, 32 na 22. Meno 22 mbele na 32 nyuma maana yake pedeli ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara 0.69. Ni mwendo wa konokono, lakini ni mwendo. Kwa 42 na 11, gurudumu linazunguka karibu mara nne, na hiyo ndiyo ya kushukia.

4. Shifta na diraila ziwe za ukoo mmoja

Kwa Shimano, shifta za baiskeli za barabara na za milimani huvuta waya kwa kiasi tofauti upande wa mbele. Watu huchanganyikiwa kwa sababu nyuma, mpaka enzi za gia 9, nyingi zilichanganyika bila shida. Mbele hapana. Shifta ya zamani isiyolia "klik", ile ya kusukuma kwa kidole gumba mpaka cheni inyamaze, inapatana na karibu kila kitu. Ukiiona sokoni, usiidharau kwa sababu ya sura.

5. Ekseli

Kasha la ekseli huwa na upana wa milimita 68 au 73. Ukihamisha ekseli fupi kwenye kasha pana, sahani zinasogea ndani na diraila haizifikii vizuri. Pima kwa rula. Hakuna zaidi.

6. Kufunga kuna mpangilio wake

Hapa mafundi wengi hukimbilia waya, kisha wanalaumu kifaa. Anza bila waya. Bati la nje la kizimba likae juu ya meno ya sahani kubwa kwa milimita 1 hadi 3. Sarafu ya shilingi ipite bila kusukumwa. Litazame kutoka juu: liwe sambamba na sahani. Likipinda kidogo tu, utahangaika na skrubu mpaka jioni. Kaza pete, lakini aluminiamu nyembamba haitaki nguvu za kufungua gurudumu la lori.

Kisha weka cheni kwenye sahani ndogo mbele na gia kubwa nyuma, na ukaze au ulegeze skrubu yenye herufi L mpaka bati la ndani liachane na cheni kwa upana wa nywele. Sasa ndipo unafunga waya ukiwa umenyooka. Mwisho kabisa ni skrubu ya H, cheni ikiwa sahani kubwa mbele na gia ndogo nyuma. H ikiwa legevu, cheni inarukia nje kwenye krenki, na mahali pabaya pa jambo hilo kutokea ni mteremko wa Kona Baridi lori la magadi likiwa nyuma yako.

Baada ya wiki moja waya utakuwa umelegea kidogo, maana kava zake zimekaa sawa. Haujaharibika. Zungusha kile kipipa cha kukazia waya kilicho kwenye shifta nusu mzunguko.

7. Kuhusu kuiondoa kabisa

Tangu SRAM walete XX1 mwaka 2012, yenye sahani moja mbele na gia 11 nyuma, kila kijana anakushauri utupe diraila ya mbele. Hoja yao si mbovu: waya mmoja umepungua, shifta moja imepungua, na udongo una mahali pachache pa kujificha. Lakini kaseti za mfumo huo, yaani rundo la gia za nyuma, ni ghali, cheni zake ni nyembamba, na kaseti ya gia 11 ikiisha meno ukiwa Isinya hutaipata dukani. Sahani tatu za zamani zipo kwenye kila rundo la mtumba, na sahani moja ikichakaa nabadilisha hiyo moja. Kwa mfuko wangu na kwa barabara hii, diraila ya mbele inabaki. Niliyonayo sasa ni ya pete ya 34.9, inakubali waya wa juu na wa chini, na niliipata kwa bei ya chakula cha mchana kwa sababu muuzaji hakuwa na baiskeli ya kuijaribia.