SOMO: KIMEA KILICHOJIFICHA NDANI YA KOPO



Katika somo hili tutajifunza kusoma kopo au pakiti ya kinywaji cha asubuhi, ili tujue kama ndani yake mna gluteni. Huenda mwingine akauliza: jambo hili linamhusu nini mfanyakazi wa kiwandani au mchuma chai? Linamhusu kwa njia mbili. Kwanza, huenda yeye mwenyewe au mtoto wake ni miongoni mwa wale ambao gluteni huwadhuru. Pili, vyakula hivyo husagwa, huchanganywa na kupakiwa na wafanyakazi kama sisi.

Gluteni ni nini?

Ukikanda unga wa ngano kwa ajili ya chapati, donge huvutika bila kukatika. Ukifanya hivyo kwa unga wa mahindi, donge humeguka. Kinacholifanya donge la ngano livutike ni gluteni, aina ya protini. Imo katika ngano, katika shayiri, na katika rai, ambayo ni nafaka ya nchi za baridi. Mahindi, mchele, mtama, wimbi, uwele na muhogo havina gluteni hii.

Watu wengi hula ngano bila kudhurika, na hatuwaambii waache chapati. Lakini wapo wenye ugonjwa uitwao siliaki. Wakila gluteni, hata kidogo, kinga ya mwili wao huushambulia utumbo mwembamba, na utumbo hushindwa kufyonza chakula. Mtu huharisha kwa muda mrefu, tumbo hujaa, damu hupungua, naye hukonda. Mtoto hudumaa. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo, akiharisha mwezi baada ya mwezi, hupoteza afya na ujira pamoja.

Si ugonjwa wa Wazungu peke yao. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa miongoni mwa watoto wa Kisahrawi, wakimbizi wa Sahara Magharibi walioko Algeria, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao.

Ulijulikanaje?

Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945 njaa iliingia Uholanzi na mkate ukaadimika. Watoto wagonjwa wa siliaki wakapata nafuu wakati wenzao wanateseka kwa njaa. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Dicke aliandika matokeo yake mwaka 1950. Hadi leo tiba ni ile ile: kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

Hatari iko wapi katika kikombe?

Mkate unaonekana kwa macho. Kinywaji cha unga hakionyeshi kilichomo. Neno la kulitafuta ni kimea. Tunakijua kimea cha wimbi tunachotilia togwa: nafaka huloweshwa, huachwa iote, hukaushwa na kusagwa. Kimea cha wimbi au cha mtama hakina gluteni. Lakini kimea cha viwandani kwa kawaida ni cha shayiri, nacho kinayo. Milo na Ovaltine kwa kawaida hutengenezwa kwa kimea cha shayiri. Horlicks kwa kawaida ina ngano pamoja na kimea cha shayiri. Vinywaji hivi ni halali kwa mtu mzima wa afya, ila havimfai mgonjwa wa siliaki.

Majani ya chai, kahawa halisi na kakao tupu havina gluteni. Unga wa uji wa kuchanganya uchunguzwe vizuri, kwa sababu mara nyingine hutiwa ngano. Oti nazo mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kinuni.

Jinsi ya kusoma kopo

1. Usiamini picha. Geuza kopo, tafuta orodha ya vitu vilivyomo. Kwa kawaida kilicho kingi zaidi hutajwa kwanza, lakini soma mpaka neno la mwisho.

2. Kwa Kiingereza tafuta maneno haya: "wheat" ni ngano, "barley" ni shayiri, "rye" ni rai, "malt" ni kimea. Ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo watakuta pia ya Kifaransa: "blé", "orge", "seigle" na "malt".

3. Neno "maltodextrin" lisikutishe. Linafanana na "malt", lakini si kimea. Ni wanga uliovunjwavunjwa, mara nyingi wa mahindi au muhogo.

4. Maandishi ya kwamba hamna ngano hayatoshi, maana shayiri yaweza kuwamo. Yanayotakiwa ni "gluten free". Kanuni ya kimataifa ya chakula, iliyorekebishwa mwaka 2008, inataka chakula cha namna hiyo kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kila kilo.

5. Soma upya kila ununuapo. Mchanganyiko hubadilika, na hutofautiana nchi na nchi.

Mwenye dalili tulizotaja aende hospitali. Minyoo na amiba nazo huleta dalili kama hizo. Wala asiache ngano kabla ya kupimwa, kwani kipimo cha damu chaweza kushindwa kuuonyesha ugonjwa.

Wajibu wetu kazini

Kinu kikisaga ngano asubuhi na mahindi mchana bila kusafishwa, unga wa mahindi utakuwa na gluteni ingawa pakiti haisemi. Hali ni hiyo hiyo kwa mashine ya kupakia. Mfanyakazi akiharakishwa na kunyimwa muda wa kusafisha, lebo hugeuka kuwa uongo, na anayeumia ni mtoto wa mfanyakazi mwenzake. Kwa hiyo muda wa kusafisha mashine udaiwe na kamati ya tawi kama sehemu ya kazi, tena wenye kulipwa. Na kwenye kantini tudai sufuria ya uji wa mahindi au wimbi, wenye upawa wake, kwa ajili ya mwenzetu asiyeweza kunywa kile cha kopo.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Kuna tofauti gani kati ya kimea cha wimbi na kimea cha shayiri kwa mgonjwa wa siliaki?

2. Leteni makopo na pakiti tupu kutoka nyumbani. Ni zipi zenye gluteni, na ni neno gani limewaonyesha?

3. Katika kiwanda au kinu chenu, mashine husafishwa lini, na nani huamua?