Kuuza katika kampuni changa: kazi haiishi kwenye saini

Vijana wengi waliomaliza vyuo hunijia na swali moja: je, waende kuuza bidhaa katika hizi kampuni changa za teknolojia, au wasubiri ajira ya serikali? Ndugu msomaji, swali hili si dogo. Wapo waliopata riziki nzuri huko, na wapo waliorudi kwa wazazi wao na deni la nauli. Nami nimeifanya kazi hiyo miaka miwili, nikiuza umeme wa jua wa kulipia kwa simu, kutoka Shinyanga mjini kupitia Kahama na Ushirombo hadi Katoro na Nyarugusu mkoani Geita. Kampuni yenyewe sitaitaja.

Biashara hii ilizaliwaje? M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, kwa mara ya kwanza mtu wa kijijini aliweza kulipa fedha kidogo kidogo bila kusafiri. Ndipo zikatokea kampuni kama Off Grid Electric iliyoanzia Arusha, ambayo mwaka 2018 ilijiita Zola Electric, na Mobisol ya Ujerumani. Mteja anatoa malipo ya awali, anafungiwa paneli, betri na taa, kisha analipa kwa simu. Akilipa, mtambo unafunguka. Asipolipa, unajifunga na taa zinazimika. Baada ya miaka miwili au mitatu mtambo unakuwa wake.

Sasa hapo ndipo penye somo. Muuza sabuni akishapokea fedha, biashara imekwisha. Lakini anayeuza kwa mkopo, siku mteja anapoweka saini kampuni ndiyo kwanza imeingia gharama. Mtambo umekwenda, fedha hazijaja. Hata hivyo, kampuni nyingi changa humlipa muuzaji kamisheni kwa kila saini, kwa sababu wenye mitaji walioko Ulaya na Marekani wanataka kusikia idadi ya wateja inapanda kila mwezi. Matokeo yake ni nini? Kijana asiye na mshahara wa maana, mwenye tageti mezani, atamwandikisha yeyote mwenye kitambulisho. Simlaumu sana kijana huyo. Ana kodi ya chumba, na mfumo wenyewe ndio unaomtuma.

Nilipokuwa Katoro niliona jambo hili waziwazi. Mchimbaji mdogo akipata mzigo mzuri kwenye duara, akausaga kwenye karasha na kuuza dhahabu yake, siku hiyo ananunua chochote. Muuzaji mwenye haraka humkimbilia siku hiyo hiyo. Lakini baada ya wiki mbili unasikia kuna rashi mpya porini, na mteja ameondoka na paneli mgongoni. Simu haipatikani. Katika vitabu vya kampuni bado anahesabika kuwa mteja.

Mkulima wa pamba wa Kishapu ni kinyume chake. Haendi popote, na jina lake linajulikana kijiji kizima. Ila fedha yake huja msimu wa kuuza pamba unapofunguliwa, kwa kawaida kuanzia mwezi Mei. Ukimwambia alipe kila wiki mwezi wa Januari, wakati mvua inanyesha na ghala linapungua, unamwonea. Mzee mmoja aliniambia, "Baba, mimi si mwizi, lakini ng'ombe simuuzi kwa sababu ya taa." Nikayaandika maneno hayo kama alivyoyasema, nikayapeleka ofisini. Ilichukua miezi mingi, lakini hatimaye wakulima waliruhusiwa kulipa mafungu makubwa wakati wa mavuno.

Hiyo, kwa mtazamo wangu, ndiyo nusu ya pili ya kazi, na haimo katika barua ya ajira. Waliobuni mtambo wanakaa mjini na hawajawahi kulala Nyarugusu. Wao waliwaza taa za nyumbani. Wateja wetu walitaka kuchaji simu za majirani kwa malipo, na betri zikachoka mapema. Hakuna aliyekuwa na habari hiyo isipokuwa sisi tulioamkia watu "Ng'wangaluka" na kukaa nao kwenye kigoda. Kampuni changa isiyosikiliza wauzaji wake inatengeneza bidhaa gizani.

Kisha nguzo za REA zikaanza kufika vijijini, kuunganishiwa umeme kukiwa kwa shilingi 27,000. Wapo wenzetu waliokuwa wakiwaambia wateja kwamba nguzo hizo hazitafika kwao kabisa. Huu ni uongo, na kijiji hakisahau. Mimi niliona ni bora kumweleza mteja ukweli, hata akisema atasubiri. Wengine walisubiri, wengine walichukua.

Waislamu wa Kahama walikuwa na swali lao: bei ya mkopo inazidi ya fedha taslimu, je, si riba? Hapa nilijifunza kutojibu kwa kubahatisha. Rai ya wanazuoni walio wengi, na uamuzi wa Baraza la Fiqhi la Jeddah wa mwaka 1990, ni kwamba bei ya mkopo inaweza kuwa juu, maadamu imekubaliwa moja na wazi wakati wa mkataba. Kisichoruhusiwa ni kuongeza deni kwa sababu mteja amechelewa. Kwa hiyo muuzaji lazima aujue mkataba wake mpaka mstari wa mwisho. Nilikuta wenzangu ambao hawajausoma hata mara moja.

Kwa kijana anayeitwa kwenye usaili, basi, ushauri wangu ni huu. Uliza kamisheni inalipwa lini: yote siku ya saini, au sehemu yake baada ya mteja kulipa miezi mitatu? Ya pili inaonekana ngumu, lakini ndiyo itakayokufanya uchague wateja vizuri na kampuni ikae. Uliza nauli na mafuta ya pikipiki ni ya nani. Uliza wateja wangapi wameacha kulipa. Na uliza mtaji uliopo unatosha miezi mingapi, kwani hata kubwa huanguka: Mobisol iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2019, ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka huo huo.

Mtambo ukiharibika, mteja hapigi simu Berlin wala Dar es Salaam. Anampigia aliyekaa kwake akanywa maji. Mimi niliacha kazi hiyo zamani, lakini juzi tu mama mmoja wa Runzewe alinipigia akitaka kujua betri nyingine ataipata wapi. Nikamwelekeza duka moja pale Kahama, nikamwambia aende na ile ya zamani ili wapime ukubwa.