Mwamkie, Kisha Mwambie Ukweli

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 28, msimamizi wa zamu ya usiku kwenye bekari moja hapa Morogoro. Niliingia kama kibarua wa kufungasha mikate. Sasa nina watu 14 chini yangu, na wengi wamenizidi umri. Mmoja ni mzee wa tanuri, ndiye aliyenifundisha kazi. Zamu inaanza saa nane usiku, yeye anafika saa nane na nusu, siku nyingine saa tisa kasoro. Nilimwonea haya, nikanyamaza wiki baada ya wiki. Siku moja trei sita za slesi zikaungua. Nikapandwa na hasira, nikamfokea mbele ya vijana wote. Hakunijibu neno.

Tangu hapo zamu imepoa. Nikiagiza wanafanya, nisipoagiza hakuna anayejishughulisha. Wiki iliyopita hamira iliisha katikati ya kazi na hakuna aliyeniambia. Meneja anasema nawaamkia mno, ndiyo maana wananipanda kichwani. Tena anataka nipeleke jina la mzee ili mshahara wake ukatwe kufidia mikate. Nifanyeje?

Msimamizi wa Zamu, Morogoro

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la meneja, maana ndilo litakalokupoteza upesi. Shikamoo haijamvua mtu cheo. Wodini, muuguzi kijana humwamkia mhudumu aliye sawa na mama yake, kisha akampangia zamu, na kazi ikaenda. Wewe umewaamkia wazee hao tangu ukiwa kibarua. Ukiacha leo, hawatasema umekuwa kiongozi. Watasema cheo kimekulevya. Endelea kuwaamkia.

Ila shikamoo pia haifuti uchelewaji, na hapo ndipo ulipoteleza. Kosa lako halikuanza siku uliyofoka. Lilianza siku ya kwanza mzee alipoingia saa nane na nusu nawe ukajifanya hujaona. Uliita heshima, lakini ilikuwa woga. Yeye aliona husemi, akajua imeruhusiwa. Kisha usiku mmoja deni la wiki zote ukamdai kwa mkupuo, kwa sauti ya juu, mbele ya vijana anaowafundisha kazi. Anayemheshimu mtu humwambia mapema, wakiwa wawili, kwa maneno yanayoeleweka.

Kwa hiyo mwendee. Usimfuate kwenye tanuri wakati wa kazi. Subiri mikate ipakiwe, watu waanze kutawanyika. Anza na lako: "Mzee wangu, siku ile nilikukosea. Kukusema mbele ya vijana haikuwa sawa, naomba unisamehe." Usiongeze "lakini" hapo. Akishapokea, ingia kwenye la pili: "Zamu inaanza saa nane, na bila wewe tanuri haliwaki kwa wakati. Kinachokuchelewesha ni nini?" Halafu nyamaza umsikilize.

Huenda ukasikia usilolitarajia. Saa saba usiku daladala hakuna, na nauli ya bodaboda kila siku inauma. Kama ndivyo, hilo si la mzee peke yake, ni la zamu nzima, na ni wewe wa kulipeleka ofisini. Hakikisha pia kwamba watu wako wanalipwa haki yao ya usiku: sheria inataka nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mkielewana, andikeni mlichokubaliana. Akirudia, mpe onyo la maandishi kama ambavyo ungempa kijana. Umri haumpi mtu kinga.

Na kwa kuwa ulimfokea hadharani, hadharani urekebishe. Kabla ya kuanza kukanda unga, sema mbele ya wote kwamba siku ile ulivuka mpaka na kwamba mzee umeshamwomba radhi. Sentensi mbili zinatosha. Usihutubie.

Sasa turudi kwenye mikate. Je, uliuliza kwa nini iliungua? Pengine alisinzia, pengine alikuja kwa pupa kwa kuchelewa, pengine kipimajoto cha tanuri kinadanganya. Katika barua yako sikuona umeuliza. Itazame na ile hamira: lazima yupo aliyeona inakwisha. Alinyamaza kwa sababu ameshaona anayekosea anavyofanywa. Hiyo ndiyo hesabu ya kumpelekea meneja wako, maana zamu iliyosimama kwa kukosa hamira humgharimu fedha.

Kuhusu kukata mshahara, usipeleke jina kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata kwa hasira. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aelezwe kwa maandishi sababu ya makato, kiasi chake na kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kupinga. Jumla isizidi hasara halisi. Na makato yasivuke robo ya mshahara wake wa fedha. Suala likifika kwenye kikao cha nidhamu, kanuni za mwaka 2007 zinampa angalau saa 48 za kujiandaa, na haki ya kusaidiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mwambie meneja hayo kwa adabu ileile unayompa mzee. Mkubwa wako naye ana haki ya kuambiwa ukweli faraghani kabla hajafikishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Akikuambia kwamba heshima haina faida, mkumbushe ya zamani. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea viongozi wenye dharau na uonevu. Miaka iliyofuata, wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliweka zana chini, na baadhi wakawafungia mameneja nje ya lango. Malalamiko mengi hayakuwa ya mshahara. Yalikuwa ya lugha chafu na kudharauliwa.

Mwanangu, usisubiri mwisho wa mwezi. Zungumza na mzee wiki hii, kisha anza kila zamu kwa kuwauliza watu wako wote swali moja: kuna kitu gani kinachopungua au kuharibika ambacho sijakiona? Siku za mwanzo huenda wasikujibu. Uliza tu, na atakayekuletea habari mbaya mshukuru mbele ya wenzake.