Kilichoanguka Nyuma ya Lori: Maneno ya Kiingereza ya Jinai na Polisi Yanayomhusu Mnunuzi

Waingereza wana msemo kuhusu bidhaa inayouzwa kwa bei ya chini mno huku muuzaji akikwepa kueleza alikoipata. Husema, "it fell off the back of a lorry", yaani ilianguka nyuma ya lori. Asemaye hivyo hana maana kwamba kitu kilidondoka. Anasema kwa mafumbo kwamba ni mali ya wizi.

Kwa mkazi wa Iringa au Mbeya, msemo huu si wa mbali. Malori yaendayo Tunduma, na kutoka hapo Zambia na Kongo, hupanda mlima Kitonga kwa mwendo wa pole, yakapita Ipogolo, Mafinga na Uyole. Mfuko wa mbolea, dumu la dizeli au simu isiyo na boksi huweza kumfikia mnunuzi kando ya barabara bila karatasi yoyote. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa huweza pia kuvunja uhuru wa mtu.

Tangu mwaka 2021, sheria imetamka kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Hata hivyo, maneno ya Kiingereza ya siku nyingi yangali yanasikika vituoni na mahakamani. Katika somo hili tunaeleza yale ambayo mnunuzi wa mali isiyo na asili anaweza kukutana nayo, kwa mpangilio ule ule atakaokutana nayo.

1. "Red-handed"

Tafsiri ya neno kwa neno ni "mwenye mikono myekundu", kwa maana ya mikono yenye damu ya tendo lililotoka kufanyika. Sisi husema mtu amekamatwa na ngozi. Msemo huu humhusu mtendaji aliyefumaniwa. Mnunuzi aliyekutwa na simu ya mtu mwingine si lazima awe ndiye aliyeiba, lakini hilo pekee halimwokoi. Kanuni ya Adhabu inatambua kosa la kupokea mali ya wizi huku mpokeaji akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi. Inatambua pia kosa la kukutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi bila kutoa maelezo ya kuridhisha. Maelezo ya kuridhisha huanza na risiti.

2. "Exhibit"

Ni kielelezo, yaani kitu kinachotolewa mahakamani kama ushahidi. Kikiwa bado kituoni, wengi hukiita kizibiti. Polisi wakichukua kitu nyumbani kwako au dukani kwako katika upekuzi, sheria inawataka watoe hati ya kukiri kukichukua, yenye saini yako au ya ndugu yako wa karibu, pamoja na saini za mashahidi. Isome kabla ya kutia saini na uhakikishe kila kitu kimeandikwa. Fahamu pia kwamba mali ikithibitika kuwa ya wizi, hurudi kwa mwenyewe. Fedha uliyolipa utapaswa kuidai kwa aliyekuuzia, na muuzaji wa kando ya barabara huwa haonekani tena.

3. "Helping the police with their inquiries"

Magazeti ya Uingereza huandika kwamba fulani "anawasaidia polisi katika uchunguzi". Msomaji asidhani ni kazi ya kujitolea: mtu huyo anahojiwa. Magazeti yetu huandika kwamba anashikiliwa kwa mahojiano. Aliye katika hali hiyo ni "suspect", yaani mtuhumiwa. Akifikishwa mahakamani na kusomewa shtaka huwa "accused", yaani mshtakiwa. Mahakama ikimtia hatiani, ndipo huwa "convict". Kumwita mtuhumiwa mwizi ni kuruka hatua mbili, na wako waliopoteza maisha mikononi mwa umati kwa sababu ya neno hilo moja lililopigiwa kelele sokoni.

4. "Caution statement"

Ni maelezo ya onyo. Kabla ya kuyaandika, ofisa hukuonya kwamba hulazimiki kusema lolote na kwamba utakalosema laweza kutumika kama ushahidi. Una haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa, na ya kumjulisha wakili, ndugu au rafiki. Usitie saini maelezo ambayo hukuyasoma au hukusomewa kwa lugha unayoielewa.

5. "Bail" na "surety"

"Bail" ni dhamana, na "surety" ni mdhamini. Dhamana ni ahadi ya kurudi siku utakayotakiwa. Si bei ya kununulia uhuru. Dhamana ya polisi haitozwi ada. Anayedai fedha ili aitoe anaomba rushwa, na taarifa yake hupokelewa na TAKUKURU kwa namba 113.

6. "RB"

Herufi hizi zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kitabu cha taarifa. Ni namba ya taarifa yako kama ilivyoandikwa kituoni. Uliyeibiwa au kutapeliwa, usiondoke kituoni bila namba hiyo. Lakini RB huthibitisha tu kwamba umetoa taarifa. Haithibitishi kwamba uliyemtaja ana hatia.

Kabla ya kulipa

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Ukinunua kitu kilichotumika kutoka kwa mtu binafsi, andikianeni hati yenye majina, namba za vitambulisho, namba ya kitu chenyewe na saini ya shahidi. Kwa simu, bonyeza *#06# uone namba yake ya utambulisho, uilinganishe na ile iliyo kwenye boksi na risiti. Muuzaji akikataa kuandikiana, bei yake nafuu imekwisha kujieleza.

Na siku lori litakapoanguka kweli, kaa mbali nalo. Agosti 10, 2019, huko Msamvu, Morogoro, kwenye barabara kuu hii inayokuja kwetu, watu walikusanyika kuchota mafuta ya lori lililopinduka. Moto ulilipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Mzigo uliomwagika barabarani bado una mwenyewe. Piga 112 uwaarifu polisi, kisha wazuie watoto wasisogee.