Maji ya ukungu: yatafaa Haneti?



Huenda umesikia kwamba hewa hukamuliwa maji. Ni kweli. Kule Qameyu, wilayani Babati, nyavu zilitundikwa mlimani. Ukungu ukipita, matone hunasa kwenye nyuzi, hushuka kwenye mfereji na kuingia tangini. Penye ukungu mzito, mita moja ya mraba ya wavu huweza kutoa kama lita 5 kwa siku.

Lakini umande unaouona alfajiri kwenye majani si ukungu huo. Kiangazi, ng'ombe wanapohangaikia maji, hewa ya tambarare zetu ni kavu na wavu utabaki mkavu. Mashine za kukamua hewa nazo hula umeme mwingi. Usiuze mbuzi kwa ajili hiyo.

Akiuzwa, nunua gata. Paa la bati la mita 6 kwa 5 likipata mvua ya milimita 100 hupokea lita 3,000, ukiacha zinazomwagika. Ng'ombe akinywa lita 40 kwa siku, hizo ni siku 75. Unaishi kwenye tembe? Anza na bati la banda la ndama.

Maji ya mvua ya kwanza yamwage, yana vumbi na mavi ya ndege. Gata zifungwe kabla ya Desemba.