SOMO LA ROBO HII: MUUGUZI NAYE HUCHOKA



Sharika zetu zikitembelea hospitali hupeleka sabuni, sukari na maombi kwa wagonjwa. Ni jambo jema. Katika somo hili tumtazame anayewapokea wagonjwa hao: muuguzi wa chumba cha dharura.

Mgonjwa wa ghafla kutoka Mwera, wilayani Pangani, huvuka mto kwenda hospitali ya wilaya. Akizidiwa hupelekwa Bombo, Tanga mjini. Kote huko muuguzi ni miongoni mwa wa kwanza kumpokea. Majeruhi wa bodaboda, mama anayetokwa damu na mtoto mwenye degedege huweza kufika kwa pamoja. Muuguzi huamua nani atangulie, huku ndugu wakimfokea. Mtoto akifariki, muuguzi hana nafasi ya kulia, maana machela nyingine iko mlangoni.

Uchovu huu ukirundikana, usingizi wa usiku mmoja hauuondoi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa si ugonjwa, bali ni hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa. Dalili zake ni tatu:

1. Kuishiwa nguvu.
2. Moyo kujitenga na kazi, hata mgonjwa akaonekana kero.
3. Kujiona huna tija tena.

Kwa hiyo tukisikia lugha kali mapokezi, tusiharakishe kusema, "Huyu hana wito." Lugha kali haifai, na mgonjwa ana haki ya kulalamika. Lakini pengine huyo alikuwa na wito kuliko wengi, akabebeshwa zamu za watu wawili. Neno "wito" lisitumike kuziba pengo la watumishi.

Tusome 1 Wafalme 19. Nabii Elia alichoka hata akaomba kufa. Mungu hakumkemea kwa uchovu wake. Kwanza alimwacha alale, akamlisha, akalala tena. Baadaye akampa Elisha wa kushika nafasi yake. Usingizi, chakula, msaidizi: ndiyo mahitaji ya muuguzi pia.

Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, hatua kubwa kwa nchi yetu. Nasi tunapoomba vitanda na mashine, tukumbuke pia mishahara ya wauguzi wa kutosha kila zamu, chumba cha kupumzikia, chai ya usiku, na muda wa kuzungumza pamoja baada ya kifo kigumu. Wafadhili wetu, mambo haya hayawekewi jiwe la msingi, lakini huokoa maisha.

Maswali ya kujadili katika kamati:

1. Katika zahanati au hospitali iliyo karibu nasi, wauguzi wangapi hukesha zamu ya usiku?
2. Ndugu wa mgonjwa wafundishweje kusubiri bila matusi?
3. Usharika wetu unaweza kuanza na lipi kati ya usingizi, chakula na msaidizi?