Kiache Kilipo: Visukuku vya Rusinga, Rasi ya Homa na Karungu

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu malalamiko yamezidi. Wakazi wanalalamika kwamba wageni huja na nyundo na magunia, hupanda mlimani bila kupiga hodi kwa chifu, kisha hushuka na mizigo. Watafiti nao wanalalamika kwamba mahali walipopawekea alama msimu uliopita pamevurugwa. Walimu huwaleta wanafunzi Rusinga kujifunza, na nusu ya darasa hurudi shuleni na mawe mfukoni. Jibu letu kwa wote ni moja, nasi tutalirudia humu mara kadhaa: ukiona mfupa uliogeuka jiwe, usiuokote. Uache ulipo.

Mawe haya yametoka wapi

Anayevuka daraja la Mbita huiona Rusinga imezungukwa na maji, akadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Sivyo. Ziwa Victoria ni changa. Miaka kama 15,000 hadi 17,000 iliyopita lilikuwa limekauka, na mtu angeweza kutembea kwa miguu hadi Mfangano. Mawe ya Rusinga yalikuwepo zamani mno kabla ya hapo. Yalitokana na volkeno ya Kisingiri, ambayo kitovu chake kilikuwa Rangwa, na iliyokuwa ikitema majivu miaka milioni 18 hivi iliyopita. Vilima vya Gwassi na Gembe, pamoja na visiwa vya Rusinga na Mfangano, ni mabaki ya miteremko yake.

Majivu hayo yalikuwa na chokaa nyingi, na hiyo ndiyo siri ya utajiri wa eneo hili. Katika udongo wa msitu wa kawaida, asidi huila mifupa ikaisha upesi. Chokaa ya Kisingiri iliizuia asidi, na madini yakapata muda wa kupenya ndani ya mifupa polepole hadi ikawa jiwe. Ndiyo maana katika kilima cha Hiwegi na kule Kaswanga vimehifadhiwa hata vitu dhaifu: mijusi, konokono, wadudu, mbegu za matunda. Mwaka 2014 watafiti walichapisha habari za visiki vya miti ya kale vilivyobaki pale pale ilipoota. Visiki hivyo vilionyesha kwamba msitu mnene ulisimama hapa, na katika tabaka hilohilo la udongo waliishi nyani wa kale wasio na mkia.

Fuvu la nyani wa jamii hiyo, aliyeitwa Proconsul, lilipatikana Rusinga Oktoba 1948 na Mary Leakey. Lilisafirishwa hadi London, na baada ya miaka mingi likarudishwa Kenya. Tunajua jambo hilo bado linawauma wengi, na wana haki. Siku hizi kisukuku kinachochimbwa kihalali husajiliwa na kuwekwa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na hakivuki mpaka bila kibali cha serikali.

Wananchi wa Migori wasidhani jambo hili ni la Homa Bay peke yake. Karungu, katika Nyatike, ilitoa mifupa ya mnyama wa jamii ya tembo ambaye pembe zake zilishuka chini kutoka taya la chini. Mwanasayansi C. W. Andrews alimwelezea mwaka 1911, na Felix Oswald akatumwa kutoka Uingereza kuja kuchimba zaidi. Visukuku hivyo ni miongoni mwa vya mwanzo kabisa kuandikwa na wanasayansi katika Afrika Mashariki.

Yaliyotokea Kanam

Sehemu hii isomwe kwa makini kuliko zote.

Mwaka 1932 kikosi cha Louis Leakey kilipata kipande cha taya huko Kanam, na vipande vya mafuvu huko Kanjera, kwenye Rasi ya Homa. Leakey aliamini taya lile ni la binadamu wa kale sana. Aliacha vigingi vya chuma kuonyesha mahali. Mwaka 1935 akaja Percy Boswell, mtaalamu wa miamba kutoka London, aonyeshwe mahali hapo kwa macho yake. Vigingi havikuwepo tena. Vilikuwa vimeng'olewa na wakazi, kwa kuwa chuma kina kazi nyingi kwa mvuvi na mhunzi. Mvua ilikuwa imelichimba korongo na kulibadilisha sura. Picha iliyopigwa ikagundulika kuwa ya mahali pengine. Boswell aliandika katika jarida la Nature kwamba umri wa mifupa ile hauwezi kuthibitishwa, na sifa ya Leakey ikachafuka kwa miaka.

Hatuwalaumu wazee wetu. Aliyekosa zaidi ni mtaalamu aliyeshindwa kuandika kumbukumbu kamili. Lakini angalieni hasara: mfupa ulikuwepo, watu waliushika mkononi, na bado haukuweza kusema lolote la uhakika, kwa sababu mahali pake palikuwa pamepotea.

Umri wa kisukuku hausomwi kwenye kisukuku chenyewe. Husomwa kwenye tabaka la majivu lililo juu yake na lililo chini yake, maana chembe za madini katika majivu hupimwa maabara. Mfupa ukiburutwa hatua chache tu chini ya korongo, unaweza kuwa umeingia tabaka la zama nyingine. Mwanafunzi anayeuweka mfukoni ili akamwonyeshe mwalimu hana nia mbaya, lakini ameshaufuta umri wake. Tunasema tena: usiokote.

Mfano wa kuigwa uko karibu na Kanam, nao ni Nyayanga. Mkazi wa eneo hilo aliwaelekeza watafiti waende wakaone. Hakuwaletea gunia, aliwaonyesha mahali. Uchimbaji ulianza mwaka 2015, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Science mwaka 2023: zana 330 za mawe na mifupa 1,776 ya wanyama, mingine ya viboko yenye alama za kukatwa, vyote vya kati ya miaka milioni 2.6 na 3 iliyopita. Yalipatikana pia magego mawili ya Paranthropus, kiumbe wa ukoo wa karibu na wetu. Tunajivunia kazi ile waziwazi. Ilifanikiwa kwa sababu mtu mmoja alinyoosha kidole badala ya kuinama.

Sheria inasemaje

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kisukuku au kifaa cha kale atoe taarifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokipata. Vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali, hata vikiwa chini ya shamba lako. Kuchimba kuvitafuta bila leseni ni kosa, na kuvinunua au kuviuza bila leseni ni kosa. Masharti ya leseni ni marefu. Anayeyahitaji aulize Makavazi ya Kitaifa.

Wengine wananyamaza wakihofia kunyang'anywa shamba. Kutoa taarifa hakubadilishi hati yako. Eneo likipendekezwa kulindwa, notisi hutolewa na mwenye pingamizi husikilizwa.

Kwa wavunaji wa mchanga, wapasuaji wa kokoto na wachimbaji wa dhahabu wa Nyatike: sururu ikigonga mfupa wa jiwe, kazi isimame katika shimo hilo. Msiusafishe, msiulowanishe, msiubandue kwenye udongo. Piga picha ukiweka kalamu kando yake kuonyesha ukubwa, weka alama isiyogusa mfupa, kisha mwende kwa naibu chifu siku hiyohiyo. Mtu akija na pesa akidai anatumwa na makavazi, mwambieni mwende naye hadi kwa chifu. Makavazi hayanunui visukuku vichochoroni.

Na kama tayari kipo nyumbani, kwenye kabati au dirishani, kipeleke kwa chifu, ukifuatana na aliyekiokota. Kama ni mtoto, aje na mzazi wake. Swali la kwanza atakaloulizwa ni alikiona wapi, na ataombwa aongoze njia hadi hapo.